Barua ya Wazi kwa Ami Yangu Aliyejenga Kando ya Sabaki

Ami yangu mpendwa,

Assalamu alaykum, na shikamoo. Nimesikia kwamba nyumba yako ya ng'ambo ya daraja la Sabaki imekwisha kuezekwa, na kwamba kila anayekutajia mafuriko humwonyesha mbingu ya Malindi ilivyo nyeupe, kana kwamba pasipo mvua hapa hapana mafuriko. Niwie radhi kwa kukujibu hadharani, kwani majirani zako wengi wana hoja iyo hiyo.

Maji ya Sabaki hayaitegemei mbingu yetu. Mto huu huanzia bara, katika nyanda za juu zilizo karibu na Nairobi, ukiitwa Athi. Ukishaungana na mto Tsavo huwa Galana, hukata mbuga ya Tsavo Mashariki, ndipo ukatufikia kwa jina la Sabaki. Mvua kubwa ikipiga huko juu, kingo zaweza kufurika huku jua likituwakia na wewe umeanika nazi uani. Bahari kugeuka nyekundu kwa tope la mto ni dalili ya kweli, lakini ni dalili iliyochelewa, kwa kuwa tope likionekana baharini maji yamekwisha kupita mlangoni pako. Wakati wa vuli na masika, sikiliza habari za mvua za Nairobi, Machakos na Makueni kabla ya kusikiliza za Malindi, na uangalie pia mwezi: bamvua (maji makubwa ya bahari ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu) likijaa, maji ya mto hupata taabu kutoka mlangoni mwa bahari, nayo hurudi kutanda mashambani.

Maandalizi hayana mengi. Hati ya shamba, vitambulisho na vyeti vikae ndani ya mfuko wa plastiki, katika ndoo yenye kifuniko. Swichi kuu izimwe kabla maji hayajafika sakafuni, wala usiiguse ukiwa umesimama majini. Watu na mbuzi waondoke mchana, kwa miguu mikavu, kwa sababu maji yanayokwenda kasi humwangusha mtu mzima hata yakiwa hayajafika magotini, achilia mbali mamba na viboko ambao nao huondoka mtoni.

Linalonitia hofu zaidi ni haraka ya kurudi. Tope lisombwe lingali bichi, maana likishakauka pembeni mwa ukuta utalichonga kama jiwe. Kisima hakiaminiki hata maji yake yakionekana maangavu, kwa kuwa mafuriko hupita kwanza kwenye vyoo vya shimo, na kipindupindu hakina rangi. Maji ya kunywa yachemshwe mpaka yatokote, na kisima kikombwe kisha kitiwe klorini kwa maelekezo ya afisa wa afya. Klorini hiyo usiichanganye na dawa nyingine ya kusafishia choo, kwani mvuke wake huumiza mapafu. Godoro la sufi lililolowa lisirudi kitandani, hata kama ni la harusi. (Najua neno hili halitapendwa nyumbani kwako.)

Kuhusu kuta, nakuomba subira. Jiwe la matumbawe na chokaa hunywa maji mengi na kuyatoa polepole, hivyo ukuta unaweza kuwa mkavu kwa kuupapasa huku ndani ungali umelowa. Fundi atakushawishi upige lipu ya saruji au rangi ya mafuta upesi ili nyumba ipendeze. Mkatalie, kwa sababu unyevu uliofungiwa ndani hutafuta njia, ukafurisha rangi na kubambua lipu. Acha madirisha wazi, toa makabati ukutani, na chokaa ipakwe tena ukuta ukishakauka kweli. Banda la kukandika lichunguzwe miguu ya nguzo, ambayo huoza chini ya udongo mahali jicho halifiki. Soketi zote zikaguliwe na fundi wa umeme kabla ya swichi kuu kurudishwa.

Chumba chetu cha nyuma hapa mjini kitakuwa wazi masika yote. Ndoo ya makaratasi na magunia ya mahindi vitangulie, nanyi mfuate mara mtakaposikia bara kumenyesha.

Mtoto wa nduguyo,
Malindi