Mwanangu, usiwache hicho chuo

Mwanangu kipenzi,

Salamu za mamako kutoka Kongowea. Voisi yako ya jana nimeisikiza mara tatu, ati wenzako hapo Kinango wanakucheka umeenda chuo kusomea kukata maembe na kupika jemu, kazi hata nyanyako anaijua. Imenichoma roho, ndo maana nakuandikia.

Kuna kitu sijawahi kukwambia. Mwaka ule uliporudishwa nyumbani sababu ya fizi ya shule, mimi nilikuwa nimepika chupa sitini za achari, oda ya hoteli. Siki nilitia kwa macho tu, chupa nikazisuuza na maji ya mfereji basi, wiki ya pili vifuniko vikaanza kufura, ukifungua povu latoka na harufu kama mnazi uliolala. Nikamwaga zote. Ile ndo ilikuwa fizi yako. Na kosa sikulijua mpaka juzi uliponieleza hiyo pH, kile kipimo cha asidi, kwamba ikiwa chini ya 4.6 wale bakteria wabaya wa sumu hawamei, na chupa lazima ichemshwe kwanza. Nilikaa nikalia wallahi, miaka yote hiyo hakuna aliyenieleza.

Nyanyako akipika ni chakula cha leo. Wewe wafunzwa kitu kikae miezi bila kumdhuru mtu, si kitu kimoja hata kidogo.

Sasa hivi ni msimu, maembe ya ngowe yanashuka kwa malori kutoka Kilifi, jioni yaliyolainika yamwagwa pale nyuma ya soko nzi wajaa, na mkulima keshalipwa bei ya kutupa kwa vile hawezi kuyaweka. Yangekatwa slaisi nyembamba yakakaushwa kwa draya ya jua huko huko kwao angeuza hata mwezi wa sita. Lakini slaisi ziwe nyembamba, ukikata nene nje lakauka ndani bichi, ukungu washika (hilo nalo umenifunza wewe).

Pia muulize mwalimu vizuri mambo ya alama ya KEBS, wale wa viwango vya ubora, supamaketi hawapokei chupa yangu bila hiyo. Andika kila kitu kwa daftari, mpaka gramu za chumvi.

Kesho nampa makanga wa matatu ya Kinango chupa mbili za achari yangu. Moja ni yako ya kula. Ile nyingine ipime na hiyo mashine yenu uniambie namba.

Mamako