Barua kwa Mwanangu Kuhusu Kinachotumbukia Katika Shimo Jeusi

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi. Umeniuliza kama kitu kikitumbukia katika shimo jeusi, yaani mahali angani penye mvutano mkubwa hivi kwamba hata mwanga ulioingia hauwezi kutoka, habari zake hupotea kabisa, nami nimeona heri nikujibu kwa maandishi, kwani swali lako halimalizwi kwa simu.

Ukilichoma daftari jikoni, maandishi huyaoni tena. Hata hivyo, kwa mujibu wa fizikia ya kwanta, yaani ile ya chembe ndogo kabisa, mtu ambaye angeweza kupima kila chembe ya majivu, moshi na mwanga uliotoka, angeweza, kimsingi, kuyasoma upya. Habari hutawanyika, hazifutiki.

Mwaka 1974 mwanafizikia Stephen Hawking alionyesha kwamba shimo jeusi hutoa mnururisho hafifu, yaani nishati inayosambaa kama mwanga, likipungua kidogo kidogo hadi liishe. Kwa hesabu zake, mnururisho huo hutegemea tungamo (wingi wa maada), chaji ya umeme na mzunguko wa shimo tu. Liwe limemeza nyota au daftari lako, kinachotoka ni kile kile. Hawking akahitimisha kwamba habari hupotea, na mwaka 1997 yeye na mwanafizikia mwenzake Kip Thorne wakawekeana dau na mwanafizikia John Preskill, aliyepinga. Mwaka 2004, huko Dublin, Hawking alikubali kushindwa, akamkabidhi Preskill ensaiklopidia ya besiboli. Kisa hicho hupendwa sana, lakini dau si uthibitisho.

Hoja nzito, kwa maoni yangu, ni ya mwanafizikia Don Page ya mwaka 1993. Ikiwa habari hutoka kweli, basi ufungamano wa kikwanta kati ya shimo na mnururisho wake (uhusiano unaofanya kimoja kisiweze kuelezwa kikamilifu bila kingine) hauna budi kuongezeka hadi takriban nusu ya entropia ya shimo, yaani kipimo cha habari zilizofichika ndani yake, iwe imeshatoka, kisha upungue hadi sifuri. Katika hesabu ya Hawking ulikuwa ukipanda tu. Mwaka 2019 wanafizikia Geoffrey Penington, na Ahmed Almheiri na wenzake kwa upande wao, waliupata mteremko huo kutokana na kanuni za mvutano zenyewe. Njia hasa ambayo habari huipitia hadi nje bado inabishaniwa.

Usitarajie darubini ituamulie. Shimo lenye tungamo la Jua lina halijoto ya takriban sehemu 60 za bilioni moja za kelvini (kipimo cha halijoto kinachoanzia kwenye baridi kali kuliko zote), ilhali anga lote limejaa mnururisho wa kelvini 2.7, kwa hiyo kwa sasa shimo hupokea zaidi kuliko linavyotoa. Ukimaliza mitihani nitakuonyesha jinsi halijoto hiyo inavyokokotolewa. Ni mstari mmoja tu.

Ni mimi,
Baba yako