Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Kila Anayepanda Aandikwe

Ndugu wanachama, Assalaam alaykum.

Hesabu za fedha mhazini ameshazisoma, na ada safari hii zimeingia vizuri. Mimi naomba muda wenu kwa jambo moja: orodha ya abiria.

Sote tuliotoka Pemba tunaujua usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011. Meli ya Spice Islander I iling'oa nanga bandari ya Malindi, Unguja, kwenda Wete, ikazama kwenye mkondo wa Nungwi. Kibali chake kilikuwa cha abiria wapatao 600. Tume ya uchunguzi ikaja kusema waliokuwemo walikuwa 2,470. Maiti zilizopatikana ni 203. Watu 1,370 hawakuonekana. Siku zile za mwanzo hakukuwa na mtu aliyeweza kutaja kwa hakika wangapi walipanda. Humu ukumbini wamo waliosoma hitma ya mzazi au mtoto asiye na kaburi.

Haukupita mwaka, tarehe 18 Julai 2012, meli ya Skagit ikapinduka karibu na kisiwa cha Chumbe ikitoka Dar es Salaam, kusi linavuma. Huko Ukara, Ziwa Victoria, mwaka 2018, kivuko cha MV Nyerere chenye kibali cha watu 101 kiliua watu 228. Hebu zipimeni namba hizo mbili.

Mwaka huu wajumbe wetu walikaa gatini siku za Ijumaa, wakihesabu wanaopanda ngazi. Walichokiona ni hiki: watoto wa kupakatwa hawaandikwi, na anayepewa tiketi ya mwenziwe husafiri kwa jina la mwenziwe. Mimi mwenyewe nimevuka kutoka Mkoani na mjukuu wangu mapajani, jina lake halikuandikwa popote, na sikuuliza. Kama tungezama, asingehesabiwa. Nilinyamaza kwa kuwa nilikuwa na haraka, na jambo hilo linaniuma hadi leo.

Nahodha anayo haki ya kukataa kuondoka chombo kikizidi, na mwenye chombo hana ruhusa ya kumlazimisha. Mamlaka ya Usafiri Baharini ndiyo yenye nguvu ya kukizuia chombo bandarini. Hayo tutaendelea kuyadai bila kuchoka. Lakini anayempa mtu wa mlangoni elfu mbili ili apenye wakati tiketi zimekwisha ni sisi, hasa karibu na Sikukuu. Nawaomba wazee wenzangu tuliseme hili majumbani mwetu.

Tulimwandikia mwenye chombo kimoja kuhusu majaketi ya kujiokolea ya watoto, ambayo tuliyakuta yamefungiwa kabatini na ufunguo haujulikani uko kwa nani. Barua mbili, hatujajibiwa. Ya tatu ataipeleka katibu kwa mkono, na nakala itakwenda kwa Mamlaka.

Kuanzia mwezi ujao zamu za kuhesabu zitaanza Wete pia. Tunahitaji watu sita. Daftari liko kwa katibu, pale mlangoni.