Juisi ya nyumbani ihesabiwe kwa gramu, si kwa glasi

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika gazeti lako tuseme neno kuhusu kalori za juisi. Safu nyingi za afya, magazetini na redioni, hutaja namba moja tu, kwamba glasi ya juisi ya parachichi ina kalori kadhaa, kisha mada inasonga mbele. Msomaji wa Tukuyu, wa Makambako na wa Iringa mjini wote wanaichukua namba ileile, ilhali kila mmoja ana parachichi lake, kijiko chake na glasi yake. Namba ya namna hiyo haimfai yeyote kati yao. Kalori za juisi ya nyumbani hujulikana kwa kupima kila kinachoingia kwenye brenda, kisha kupima juisi iliyotoka.

Kwanza tuelewane kuhusu neno lenyewe. Kalori ya chakula tunayoitaja kila siku ni kilokalori, ile inayoandikwa kcal kwenye pakiti. Pembeni yake huwa kuna kJ, yaani kilojuli, na kilokalori 1 ni kilojuli 4.18. Anayesoma namba ya kilojuli akidhani ndiyo kalori anaongeza hesabu yake zaidi ya mara 4. Gramu 1 ya wanga au sukari hutoa kalori 4, protini vilevile 4, na mafuta 9. Ndiyo maana parachichi halihesabiwi kama tango.

Kwa gramu 100 za sehemu inayoliwa, namba za kushika ni hizi: tango 15, nyanya 18, tikitimaji 30, karoti 41, papai 43, bitiruti 43, chungwa 47, nanasi 50, embe 60, ndizi mbivu 89. Parachichi la Hass, lile dogo lenye ganda la vipelevipele, lina 160 kwa sababu kila gramu 100 zina mafuta karibu gramu 15. Maparachichi makubwa ya kijani yenye ganda laini huwa na maji mengi na mafuta machache, kwa hiyo 120 ni makisio ya haki. Maziwa ya ng'ombe yasiyoondolewa mafuta yana 61. Sukari tuhesabu 400, ingawa jedwali litakuambia 387. Majedwali ya virutubishi vya vyakula vya Tanzania yalitolewa mwaka 2008 na Chuo Kikuu cha Muhimbili, Taasisi ya Chakula na Lishe na Chuo Kikuu cha Harvard, na mwenye kutaka namba zaidi atazipata humo. Tofauti ndogo kati ya jedwali na jedwali zisimtishe mtu. Makosa makubwa hutokea jikoni.

Kosa la kwanza ni kupima tunda na maganda yake. Nanasi karibu nusu yake ni ganda, taji na moyo unaotupwa. Ndizi mbivu, zaidi ya theluthi ya uzito wake ni ganda. Anayenunua kilo moja ya nanasi sokoni Mwanjelwa, hapa Mbeya, akaandika kalori 500 amekosea, kwani kilichoingia kwenye brenda ni kama gramu 500, yaani kalori 250. Weka bakuli tupu juu ya mizani, rudisha mizani kwenye sifuri, menya, kata, tumbukiza, halafu ndipo usome.

Kosa la pili ni kijiko, na hapa tunaomba wasomaji watulie kidogo, maana ndipo hesabu nyingi zinapoharibikia. Kijiko cha chakula cha sukari kilichofutwa kwa kisu kikawa sawasawa kina gramu 12 au 13. Kilichojaa hadi kufanya kichuguu kinaweza kufika mara mbili ya hapo. Vijiko vyenyewe havilingani pia. Asiye na mizani afanye hivi: anunue sukari robo kilo, aihamishe kwa kijiko chake cha kila siku, akijaza kwa namna anayojaza siku zote, huku akihesabu. Robo kilo ni gramu 250. Ikiisha kwa vijiko 14, basi kijiko chake ni gramu 18, kalori 72. Ikiisha kwa 20, ni gramu 12 na nusu, kalori 50. Akishajua, kijiko hicho kisibadilishwe. Asali nayo isidhaniwe ni bure. Ina kalori kama 300 kwa gramu 100, lakini ni nzito, na kijiko chake cha gramu 20 hutoa kalori 60, kuliko kijiko cha sukari kilichofutwa.

Sasa tuchukue juisi ya parachichi kama inavyotengenezwa nyumba nyingi za huku. Nyama ya parachichi la Hass gramu 300: kalori 480. Maziwa nusu lita, yenye uzito wa gramu kama 515: karibu 310. Sukari gramu 100: 400. Ndimu kidogo, gramu 20 za maji yake: 5. Maji ya kunywa nusu lita: sifuri. Jumla ni kalori 1,195. Pima jagi tupu kabla, lipime tena likiwa na juisi, toa uzito wa jagi. Utapata karibu gramu 1,435. Gawanya 1,195 kwa 1,435, kila gramu ina kalori 0.83. Glasi yenye gramu 250 za juisi hiyo ni kalori 208, na ile ndefu ya gramu 350 ni 291. Kwa kulinganisha, kalori 208 ni sawa na za gramu 58 za unga mkavu wa mahindi, nazo zimenywewa kabla sufuria ya ugali haijatua mezani. Juisi hiyohiyo bila sukari inashuka hadi kalori 149 kwa gramu 250. Parachichi halikupungua hata chembe. Kilichoondoka ni sukari peke yake.

Mtu atauliza kwa nini tupime juisi kwa gramu wakati jagi lina mistari ya mililita. Sababu ni povu. Brenda huingiza hewa, na juisi ya parachichi au ya ndizi ikitoka tu huonekana nyingi kuliko ilivyo. Baada ya dakika chache povu limeshuka na mstari umeshuka nao. Uzito haudanganywi na hewa. Asiye na mizani aache povu litulie kwanza, ndipo asome mstari.

Juisi chachu ndizo zenye mtego mkubwa zaidi, na pasheni ndiyo mfano wetu. Jedwali linasema pasheni ina kalori 97 kwa gramu 100, lakini hiyo ni nyama pamoja na mbegu. Mbegu zikichujwa, juisi ya pasheni ya zambarau, ile inayopenda baridi ya milimani kwetu, ina kalori kama 51. Chukua gramu 300 za juisi iliyochujwa, maji gramu 700, sukari gramu 120. Tunda limeleta kalori 153, sukari imeleta 480. Jumla ni 633 katika gramu 1,120, na glasi ya gramu 250 ni kalori 141. Zaidi ya robo tatu ya kalori hizo zimetoka kwenye pakiti ya sukari. Ukwaju na ndimu huenda njia hiyohiyo, kwa kuwa uchachu hudai sukari, na mnywaji anaamini anakunywa tunda.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2015, linataka sukari huru, hasa ile inayoongezwa kwenye chakula na vinywaji, isifike asilimia 10 ya nishati ya siku. Kwa mtu anayehitaji kalori 2,000, kikomo hicho ni gramu 50. Wengi hawajui kwamba sukari iliyomo ndani ya juisi yenyewe, hata kama hukuongeza kijiko kimoja, nayo huhesabiwa humo, ilhali ya tunda zima lililotafunwa haihesabiwi. Katika glasi ya pasheni tuliyoitaja, sukari ya kuongezwa ni karibu gramu 27, na ukijumlisha ya tunda inafika kama gramu 36. Zimebaki 14 kwa chai ya siku nzima.

Juisi ya mboga ina hesabu yake, maana huchujwa na makapi hutupwa. Wengine huhesabu karoti zote kana kwamba wamezinywa, na wengine hudhani makapi yameondoka na kalori zote. Ukweli uko katikati, na unapimika. Sukari ya karoti imeyeyuka ndani ya maji, hivyo huenda kule maji yanakoenda. Saga gramu 800 za karoti zilizomenywa pamoja na maji gramu 700, jumla gramu 1,500. Chuja kwa kitambaa na kukamua. Tuseme juisi imetoka gramu 1,200 na makapi gramu 300. Juisi ni asilimia 80 ya mchanganyiko, basi imechukua karibu asilimia 80 ya kalori. Karoti gramu 800 zina 328, asilimia 80 yake ni 262. Hiyo ni kalori 22 kwa gramu 100, na 55 kwa glasi ya gramu 250. Ukiongeza kijiko chako cha gramu 18 ndani ya glasi hiyo umeshapita 120.

Kanuni hii inataka karoti zisagike kabisa. Zikibaki vipande, sukari imefungwa ndani ya vipande na inaondoka na makapi, hivyo juisi halisi itakuwa na kalori pungufu ya ulizoandika. Anayerudishia maji kwenye makapi na kukamua mara ya pili achanganye maji hayo na ya kwanza, apime vyote pamoja, ndipo atafute asilimia yake. Mfano ukiwa na bitiruti, njia ni hiyohiyo. Tango, mchicha na tangawizi ya kukolezea havina haja ya kuumiza kichwa: gramu 20 za tangawizi ni kalori 16, na nyingi hubaki kwenye chujio.

Mambo madogo yanayoharibu hesabu ambayo tayari ilikuwa sahihi: sukari ikimwagwa kwenye juisi baridi, na maji ya Mbeya mwezi Juni na Julai ni baridi kweli, haiyeyuki yote. Hukaa chini, na wa mwisho kumimina hunywa ya wenzake. Iyeyushe kwanza kwenye maji ya moto kidogo. Juisi nzito nayo hutengana, hivyo ikoroge kabla ya kila glasi. Barafu haina kalori, ila ikiyeyuka hubadilisha uzito, basi pima kabla ya kuiweka. Juisi iliyochemshwa ipimwe baada ya kuchemka, kwani maji yamepungua na kalori zimebaki.

Kuhusu kuiva: ndizi ikiiva wanga wake hugeuka sukari, lakini kalori kwa gramu zinabaki karibu zilezile. Kinachobadilika ni utamu. Mwenye kutaka kupunguza kalori asilikimbie tunda lililoiva sana, bali alitumie hilohilo na aache sukari. Mwenye kisukari asiegemee hoja hii, kwani yeye anahitaji kujua gramu za sukari na wanga katika glasi, si kalori peke yake, na tunda zima linamfaa kuliko juisi.

Tusidhani pia kwamba kuhesabu ni kazi ya wanaotaka kupunguza uzito tu. Utafiti wa kitaifa wa Afya ya Uzazi na Mtoto na Viashiria vya Malaria wa mwaka 2022 uliikuta mikoa ya Iringa, Njombe na Rukwa ikiwa juu kabisa kwa udumavu, na Iringa zaidi ya nusu ya watoto wa chini ya miaka 5 walikuwa wamedumaa. Inauma, kwa mikoa inayolisha nchi. Mtoto ana tumbo dogo. Gramu 150 za juisi ya pasheni yenye sukari humpa kalori 85, karibu zote sukari, na humshibisha kabla ya chakula. Gramu 50 za parachichi zilizopondwa na gramu 100 za maziwa yaliyochemshwa humpa kalori 141, zikiwa na mafuta na protini, bila chembe ya sukari ya dukani. Alishwe kwa kijiko. Aliye chini ya mwaka mmoja hahitaji juisi kabisa.

Ombi letu kwako, Mhariri, ni dogo. Kila gazeti lako linapochapa namna ya kutengeneza juisi, liweke gramu za nyama ya tunda, gramu za kila kilichoongezwa, na uzito wa juisi yote iliyotoka, liseme kama imechujwa au la. Mstari mmoja unatosha: "Karoti zilizomenywa gramu 800, maji gramu 700, imechujwa, juisi gramu 1,200, kalori 22 kwa kila gramu 100." Msomaji atapima glasi yake mwenyewe.

Wenu,
Maofisa lishe wawili,
Uyole, Mbeya