Mafundi wa vifaru vya Cambrai nao watajwe

Ndugu Mhariri,

Nimesoma kwa makini makala mliyoichapa wiki iliyopita kuhusu vifaru vya Uingereza katika Vita Kuu ya Kwanza, nami nawashukuru kwa kuipa nafasi. Hata hivyo, mwandishi aliyagusa mapigano ya Cambrai, mji wa kaskazini mwa Ufaransa, kwa sentensi moja tu, akasema kwamba vifaru vilivyopotea siku ya kwanza viliangamizwa na mizinga ya Wajerumani. Ukweli ni tofauti, na kwa kuwa nimetumia miaka 26 kutengeneza makatapila ya barabara, naomba nilisahihishe jambo hilo.

Tarehe 20 Novemba 1917 Waingereza walipeleka vitani vifaru 476, vikiwamo vya kubeba mahitaji, wakaupasua mstari wa Hindenburg, yaani safu ya ngome na mahandaki ya Wajerumani, bila kutanguliza mizinga ya siku kadhaa kama ilivyokuwa desturi. Jioni ilipoingia, vifaru 179 vilikuwa havitembei tena: 65 vilipigwa na adui, 71 viliharibika vyenyewe, na 43 vilikwama. Yaani karibu theluthi mbili ya hasara hiyo haikutokana na kombora lolote.

Anayezijua mashine zile hashangai. Kifaru cha Mark IV, aina iliyotumika Cambrai, kilikuwa na uzito wa tani 28, kikiendeshwa na injini ya Daimler yenye nguvu za farasi 105 tu, iliyowekwa katikati ya chumba kimoja na watu 8, bila ukuta wa kuwatenga na joto wala moshi wake. Kukata kona kulihitaji watu wanne. Kwa kuwa kelele haikuruhusu mtu kumsikia mwenzake, dereva aligonga mfuniko wa injini, akaonyesha kwa vidole gia anayoitaka, na wasaidizi wawili waliokaa nyuma, kila mmoja akisimamia cheni ya upande wake, wakabadilisha gia huku kamanda akishika breki; kona ikiwa kali, ilibidi kwanza kifaru kisimame, mara nyingine mbele ya bunduki za adui. Leo dereva wangu wa katapila huvuta wenzo mmoja tu, na kila nikimtazama huwakumbuka watu wale. Mwaka 1918 ndipo Mark V ilipokuja na gia za Walter Wilson, zilizomwezesha mtu mmoja kuendesha peke yake.

Udhaifu huo ulijulikana tangu mwanzo. Huko Flers, kijiji kingine cha Ufaransa, tarehe 15 Septemba 1916, vifaru 49 vilipangwa kushambulia kwa mara ya kwanza, na 32 tu ndivyo vilivyofika mahali pa kuanzia.

Kwa hiyo mafanikio ya asubuhi ile ya Cambrai yalitengenezwa kwanza karakanani. Mahandaki ya Wajerumani yalikuwa mapana kuliko uwezo wa kifaru kuyavuka, hivyo yakafungwa matita makubwa ya matawi, kila moja likizidi tani moja, ili kifaru kiliangushe handakini kisha kipite juu yake. Waliofanya kazi hiyo walikuwa vibarua wa Kichina walioajiriwa na jeshi la Uingereza, na makala yenu haikuwataja hata kwa neno moja. Naliona hilo kuwa kosa kubwa kuliko lile la hesabu.

Mkirudi kwenye mada hii, naomba mchape picha ya kifaru D51, kiitwacho Deborah, ambacho ni miongoni mwa vile 65. Kilipigwa kijijini Flesquières siku hiyohiyo, askari watano wa ndani yake wakafa, nacho kikafukiwa ardhini hadi kilipogunduliwa mwaka 1998. Sasa kimehifadhiwa papo hapo kijijini, sehemu yake ya mbele ikiwa imeraruliwa, jirani na makaburi walikozikwa watu wake watano.

Wenu,
Fundi mitambo mstaafu,
Morogoro