Namba tasa haziishii 97

Ndugu Mhariri, naomba kanafasi kwenye gazeti lako maana hili jambo limenikaa rohoni wiki nzima. Mpwa wangu yuko darasa la sita, juzi kaja na daftari la hisabati ananiambia mjomba, namba tasa, zile zisizogawika ila kwa 1 na kwa zenyewe, tumeshazimaliza zote. Zote? Nikamuuliza ya mwisho ngapi, akasema 97. Simlaumu, wanakaririshwa zile 25 zilizo chini ya 100, mtihani ukipita basi.

Nikamwandikia nyuma ya daftari 2,147,483,647, nikamwambia hii nayo ni tasa. Akabaki anaiangalia, akauliza sasa mjomba, nani aliigawanya hiyo mpaka akamaliza? Swali zuri kabisa, na ndo maswali ya namna hii naomba ukurasa wenu wa watoto uyachukue, kuliko kila wiki kujumlisha maembe.

Iko hivi. Chukua mbili 31 uzizidishe zote kisha toa 1, unapata namba hiyo. Kipeuo chake cha pili ni 46,340 na kidogo, ukifika hapo bila kupata kigawanyo umemaliza kazi, ila namba tasa za kujaribu njiani ni zaidi ya 4,700, mtoto atachoka kalamu iishe. Mwaka 1772 mwanahisabati Euler, yuko Petersburg kule Urusi na macho karibu yote yameshapofuka, akatangaza kwamba ni tasa, na wala hakupitia zote hizo. Alijua kwamba tasa yoyote itakayoigawa hii namba, yenyewe ukiigawa kwa 248 lazima ibaki 1 au 63. Kwa masharti hayo mpaka 46,340 zinabaki namba 373 tu, na nyingi humo hata sio tasa, unafuta unaendelea. Mimi nikilifikiria hilo la mzee asiyeona nasisimkwa mwili kabisa.

Na namba yenyewe tunaishi nayo. Kompyuta zinazohesabu sekunde toka 1 Januari 1970 kwa biti 32, yaani tarakimu 32 za 0 na 1, moja ikiwa ya alama ya kujumlisha au kutoa, mwisho wao ndo namba hii, watafika 19 Januari 2038 saa 12 na dakika 14 asubuhi kwa saa zetu, na sekunde inayofuata kama hazijarekebishwa zinasoma mwaka 1901. Wa kuzirekebisha ndo hawa tunaowaambia tasa zimeisha.

Basi tukakaa mezani na mpwa wangu, tukaanza kuzipitia zile namba za Euler. 63, futa. 249 inagawika kwa 3, futa. Ya kwanza kusimama ikawa 311, mtoto kaigawanya ile namba kubwa kwa 311 kwa mkono karibu nusu ukurasa, ikabaki 35. Halafu 497 ni 7 mara 71, 559 ni 13 mara 43, zikafutwa zote mpaka 1,303, hapo akaniambia mjomba usinisaidie. Ikabaki 226. Akaipigia mstari kwa rula akaanza kutafuta inayofuata.

Msomaji wenu, Morogoro