Kumbukumbu za baba yako mlezi

Mwanangu,

Marehemu hakuwa damu yako, na kwa hiyo nyumba, makabati na makaratasi yake vimebaki mikononi mwa ndugu zake. Ni haki yao. Usigombee kitu, omba kunakili tu. Asiyekubali picha itoke nyumbani mara nyingi hakatai uipige hapo hapo mbele yake.

Anza na sauti. Jumbe zake za sauti za WhatsApp zimo ndani ya simu yako, na simu ikiibwa leo zimekwenda nayo. Hamisha gumzo lenu pamoja na faili zake, kisha weka nakala tatu: kwenye kompyuta, kwenye flashi, na moja kwa mtu anayeishi nyumba nyingine. Flashi peke yake usiiamini. Kila faili ipe jina lenye mwaka, mwezi na alichozungumzia, la sivyo baadaye utafungua mia kutafuta moja.

Picha zilizonata kwenye albamu ya gundi usizing'oe kwa kucha, zitakunjika na uso wake kupasuka. Pitisha uzi wa kusafishia meno kati ya picha na ukurasa, taratibu, ukienda na kurudi. Iliyoganda kwenye kioo cha fremu iache, uipige na kioo chake. Ukipata skana, weka nukta 600 kwa inchi. Ukitumia simu, kaa karibu na dirisha, zima mwanga wa kamera, na uishike simu sambamba na picha. Majina yaandike nyuma kwa penseli laini, bila kukandamiza. Wino huvuja ukachafua picha ya chini yake. Penseli isiposhika, andika kwenye bahasha kabla hujaitia picha.

Rafiki zake nao waulize mapema, wengi ni wazee. Usiulize alikuwa mtu wa namna gani, utapewa sifa za msibani. Uliza alikasirishwa na nini, alidaiwa na nani, aliimba nini akidhani hasikiwi. Kasoro zake ziandike vilevile.

Wakikupa shati lake la kuhifadhi, lifue na likauke kabisa, maana jasho huacha manjano na kuita wadudu. Wengi hawafui kwa ajili ya harufu. Siwalaumu, ila haidumu.

Mama yako